Mara Thelathini na Moja

Jumamosi moja ya Februari, saa tano na robo asubuhi, Earline Motley alikuwa jikoni kwake, Mtaa wa Dorr, Toledo, akikaanga kambale aliyevingirishwa kwenye unga wa mahindi. Kadi za timu yake alikuwa amezipanga mezani. Alipogeuka kuchukua chumvi alimkuta Cleo Tarrant, mmoja wa wachezaji wa kadi zile, ameketi kwenye kiti cha marehemu mumewe, kofia gotini, sare ya sufu imemkaa vizuri. Kadi yake pale mezani ilibaki na nambari tu, picha haipo. Earline akatia kipande kingine kwenye kikaango.

"Mama, timu unaipanga vibaya," alisema Cleo.

"Kula kwanza. Matusi baadaye."

Mchezo wenyewe ni wa kadi na dadu. Kila kadi ni mchezaji wa besiboli wa mwaka 1955, na yale aliyoyafanya uwanjani mwaka ule yamegeuzwa kuwa safu za nambari. Meneja anapanga timu, anatupa dadu, kisha anasoma kwenye kadi kama mtu wake kaupiga mpira au kaukosa. Lucius, mumewe Earline, aliucheza miaka kumi na minne pamoja na wanaume saba, kwenye chumba cha nyuma cha baa ya Chet Jagodzinski. Alipofariki, Earline alibeba kadi zake ndani ya sanduku la viatu, akakaa kwenye nafasi yake, akafungwa mechi arobaini na tatu kwa msimu mmoja. Wanaume walimpenda sana msimu ule.

"Unawapanga kwa majina," Cleo aliendelea, mdomo umejaa samaki. "Huyu unampenda kwa sababu mumeo alimpenda. Akikutana na mrushaji wa mkono wa kushoto anageuka mti. Soma kadi ya adui kabla hujasoma yako. Mrushaji wako mtoe zamu ya saba, akinuna anune. Na mimi unitunze."

Hilo la kumtunza lilikuwa na sababu. Sheria ya akina Chet inasema mchezaji hawezi kusimama na gongo mara nyingi kuliko alivyosimama kweli mwaka ule. Cleo alisimama mara thelathini na moja, akapiga vizuri mara kumi na saba. Sandukuni hapakuwa na kadi ya kuikaribia yake.

"Mbona mara chache hivyo?" Earline aliuliza. "Uliumia?"

"Sikuumia popote. Timu ilishakuwa na weusi wawili. Kocha alisema wa tatu atajaza basi."

Earline alisonya. Yeye mwenyewe alikuwa kibarua wa akiba miaka tisa kwenye kiwanda cha mikate, akiwafundisha kazi wasichana wa kizungu ambao baada ya mwezi walikuwa wasimamizi wake. Alimwongezea kabichi.

Mchana walikwenda wote baani. Chet aliitazama ile sare, akavuta kiti kimoja zaidi.

"Shemeji, huyu anakunywa kahawa?"

"Anakunywa."

"Basi ajimiminie. Hapa hakuna mhudumu."

Earline akaanza kushinda. Alishinda kwa kusoma kadi za wenzake kama alivyokuwa akisoma nyuso za wasimamizi wake, na kwa kutomwonea haya mrushaji aliyechoka. Wally Brandt, fundi bomba aliyemfunga mara tisa mwaka uliotangulia, alianza kuja na miwani. Cleo alikaa benchi mechi nyingi, na alipoinuka, mara nyingi watu wawili walikuwa wakisubiri vituoni na mashabiki wa Wally, yaani Wally, walikuwa wakiomba Mungu. Earline alizihesabu zile mara kwa penseli. Kufika Juni alikuwa fainali na Chet, na Cleo alikuwa amebakiwa na mara moja.

Aliitumia zamu ya nane, akiwa nyuma kwa pointi mbili. Cleo akapiga, wawili wakarudi nyumbani, ikawa sare. Zamu ya kumi, vituo vyote vimejaa watu wa Earline, lakini wapigaji wake wawili walishatolewa, akabakiwa na mmoja tu wa kujaribu. Cleo akasimama mwenyewe, gongo begani.

Chet alifungua daftari la sheria, ingawa aliliandika kwa mkono wake.

"Si mimi, Cleo. Ni kitabu."

"Kocha wangu naye alikuwa nacho."

Earline alitaka kugombana. Lakini sasa alikuwa meneja mzuri, na tangu asubuhi alikuwa amemweka kando Dewey Plank, mtu mnene asiyejua kukimbia, ambaye kadi yake ilikuwa tamu kwa warushaji wa kushoto kama huyu wa Chet. Akamtaja Dewey. Dadu zikaanguka sita na tatu, mpira ukapenya katikati, na timu yake, Mtaa wa Dorr, ikawa bingwa. Earline alipiga meza mpaka kahawa zikamwagika. Kisha akamwona Cleo, bado amesimama na gongo begani. Ilimuuma, na aliona aibu kwamba furaha yake haikupungua.

Bingwa wao ana haki ya kupendekeza kubadilishwa kwa sheria moja. Earline alisimama akataka Cleo apige bila kikomo, kwa kuwa waliomnyima wala hawakumpima. Kura ikawa moja kwa saba.

"Shemeji, usichukie," alisema Wally. "Tukimwachia huyu, kila mtu ataleta wake. Mimi ninao wanne kama yeye nyumbani, wananimalizia mkate."

Wote walisikitika kwa dhati. Walimpa Cleo mkono mmoja mmoja, na Chet akamfungia soseji mbili za kwenda nazo.

Februari iliyofuata kadi zile zile ziligawanywa upya. Earline alimchagua Cleo kwanza, kabla ya wenye majina, na hakuna aliyecheka. Jumamosi, saa tano na robo, Cleo alikuwa kwenye kiti cha Lucius.

"Mwaka huu mara ngapi, mama?"

"Thelathini na moja, mwanangu."

Cleo aliweka kofia gotini. "Leo anarusha nani?"

Earline aliitazama kadi ya adui, akaisoma mpaka mwisho. "Mtu wa kawaida tu," alisema, akamsogezea sahani. "Leo utakaa benchi."