Hadhira ya Ndoo

Jana usiku, baada ya maharage ya Jumatano ambayo mpishi wetu huyapika kama anatoa adhabu, niliota niko uwanjani katika kitongoji kilicho nyuma ya shule, na kikundi chetu cha maigizo kinaanza onyesho.

Wasiotujua nitawaeleza kwa heshima zote. Kikundi chetu huigiza habari za dhuluma mbele ya wananchi. Igizo likifika pabaya, mtazamaji yeyote anaruhusiwa kusema "Simama." Waigizaji wote wanaganda. Kisha aliyesema anaingia uwanjani, anachukua nafasi ya anayeonewa, na kujaribu kulimaliza jambo kwa njia nyingine. Hiyo ndiyo sheria. Igizo letu la foleni ya bomba tumeshalionyesha mara mbili, na mara zote mbili wananchi walicheka, wakapiga makofi, wakaenda zao. Hakuna aliyesema Simama. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa amekaa mstari wa mbele, na foleni tunayoiigiza ni ile anayoiruka yeye.

Mimi sikupewa sehemu ya kusema. Kwenye mazoezi nilisimamisha igizo mara kumi na moja bila hoja yoyote, kwa sababu napenda kumwona Kaka Mkuu akiganda na mguu mmoja juu. Mwalimu Kihwelo akaamua niigize ndoo.

Basi katika ndoto naitazama hadhira, na hadhira nzima ni ndoo. Zimejaa kwenye mabenchi, kimya, kama wajumbe. Hili halinishangazi. Kule kitongojini mtu hapangi foleni mwenyewe. Anapeleka ndoo bombani jioni, ndoo inamshikia nafasi, naye anaendelea na shughuli zake. Kwenye igizo wamefanya vilevile.

"Shikamoo," naiambia ndoo moja kuukuu ya bati.

"Marahaba. Mimi hapa ni Bi Mwanakombo wa nyumba ya kona. Mwenyewe anapika chapati. Kasema nikirudi nimsimulie."

"Utamsimulia nini?"

"Mimi ndoo, mwanangu. Ninatoa nilichotiwa."

Anayeongoza onyesho si Mwalimu Kihwelo. Ni kengele ya shule, ile rimu ya lori, ambayo leo imeshuka kutoka mtini kwake na kuvaa tai. Inasoma sheria kwa sauti ya chuma, inakohoa, igizo linaanza.

Bomba ni bomba la kweli. Anaingia Sikudhani, wala si mwigizaji, ni Sikudhani mwenyewe, anayekaa dawati moja na mimi kidato cha nne. Yeye ni mwanafunzi wa kutwa, anatoka kitongojini. Mwezi huu amechelewa mara mbili kwa ajili ya foleni hiyo. Akichelewa mara ya tatu anarudishwa nyumbani wiki mbili, na wiki hizo mbili ndizo za mtihani wa moko, ule wa kujipima kabla ya mtihani wa taifa. Mimi hunakili Kemia kwake, kwa hiyo naliona suala hili kuwa la kitaifa.

Zamu yake inafika. Anakinga ndoo. Hapo linatokea dumu la bluu, linatembea lenyewe, linasimama mbele yake. Nyuma yake yanakuja mengine manane.

"Samahani," anasema Sikudhani. "Zamu yangu hii."

"Mimi natoka kwa Mwenyekiti," linasema dumu.

Hadhira inacheka. Ndoo zikicheka ni kama mvua ya mawe juu ya bati.

Mimi, kwa mazoea tu, nasema, "Simama."

Kila kitu kinasimama. Maji yanasimama katikati ya bomba na dumu, yameng'aa kama fimbo ya kioo. Nzi anasimama hewani. Kaka Mkuu ana mguu mmoja juu. Inafurahisha kwa muda, kisha inaacha kufurahisha.

"Umesimamisha," inasema kengele. "Ingia."

"Nilikuwa natania, mheshimiwa."

"Sheria haina kipengele cha utani. Usipoingia, tutabaki hivi hivi. Saa ya shule imefika moja kasorobo na haitasogea. Binti huyu atakuwa njiani kuchelewa maisha yake yote."

Namtazama Sikudhani. Ameganda na mdomo wazi, bado anasema samahani.

Naingia. Nachukua nafasi yake, na nafasi inanichukua. Viatu vyangu vinakuwa ndala zake zilizolowa. Nasokota kanga yake kuwa ngata ya kichwani, na ndoo yake inapanda juu. Najikuta najua mambo ambayo sikuyaulizia: kwamba niko macho tangu saa kumi alfajiri, kwamba nina bibi asiyeweza kutembea anayengoja kuogeshwa, na kwamba mimi mwenyewe nimeoga maji ya kikombe.

"Endelea," inasema kengele, na maji yanaanguka.

Sasa foleni inapita bwenini kwetu, katikati ya vitanda. Nikigeuka, inapita bwaloni. Nikigeuka tena, tuko ofisi ya mwalimu wa zamu, na bomba limeota juu ya meza. Daftari la wachelewaji limekaa kitini, linalamba kalamu.

"Jina?" linauliza.

"Bado sijachelewa."

"Naokoa muda tu." Linaandika S.

Naliambia dumu la kwanza kwamba ndani yake kuna nyoka. Linajichungulia. "Hayumo," linasema, linajaa, linaondoka. Daftari linaandika I. Naliambia la pili kwamba Mwenyekiti analiita. "Mwenyekiti haniiti," linasema. "Hunituma." Linajaa. Daftari linaandika K. La tatu nalitia chura. Chura anasema naye anatoka kwa Mwenyekiti. Hadhira inavunjika mbavu, madumu yanacheka pamoja nayo, na kila linalojaa linaongeza herufi kwenye daftari. Utani wangu wote, ambao umenifikisha mbele ya gwaride mara nyingi kuliko wimbo wa shule, unawafurahisha wote, na hausogezi dumu hata moja.

Daftari limefika SIKUDH. Linalamba kalamu.

Nageukia hadhira. Sina utani uliobaki. Ni hali ngeni kwangu, kama kusimama bila suruali.

"Jamani," nasema. "Ni mimi peke yangu ninayeona hivi?"

Ndoo kuukuu ya bati inajikohoza.

"Nimeona," inasema.

"Umeona nini, bibi?"

"Nimeona leo. Nimeona jana. Nimeona tangu bomba hili lifunguliwe."

Ndoo ndogo ya rangi inainuka benchi la nyuma. "Mimi nimerukwa mpaka nimeacha kuhesabu. Nilidhani ni mimi tu."

"Na mimi," inasema nyingine. "Na mimi," zinasema za pembeni.

"Mbona hamkusema siku zote?"

Zinatazamana. "Tulitumwa kushika nafasi," inasema ile ya bati. "Kuitetea hatukutumwa."

Halafu inashuka benchini na kubingirika kwa kasi nje ya ofisi, kupita bwaloni, kupita bwenini, hadi kitongojini. Nyingine zinaifuata. Kelele yake siwezi kuieleza. Kengele yenyewe inaziba masikio. Zinaporudi, kila moja inamvuta mtu wake kwa mkono. Bi Mwanakombo anakuja wa kwanza, na unga wa chapati hadi viwikoni.

"Wewe dumu," anasema. "Hebu nenda nyuma."

"Mimi natoka kwa Mwenyekiti."

"Na mimi natoka kwangu. Nyuma."

Dumu linamtazama Bi Mwanakombo, linatazama watu walio nyuma yake, wengine bado wana mswaki mdomoni. Linafikiri kwa muda mrefu, kwa kuwa hii ndiyo mara yake ya kwanza. Kisha linageuka. Linatembea hadi mwisho wa foleni, na wenzake waliobaki wanalifuata wakiwa wameinamisha mifuniko.

"Shida yenyewe ilikuwa hii tu?" anauliza mzee mmoja.

"Hii tu," inasema kengele, na kwa mara ya kwanza naisikia ikicheka.

Ndoo yangu inajaa. Daftari linaitazama SIKUDH kwa uchungu, linachana ukurasa wake lenyewe, linautafuna. Nampelekea bibi maji ya kuoga nikikimbia, na kengele inanikimbilia nyuma ikipiga.

Ilikuwa ikipiga kweli. Saa kumi na moja na nusu, bwenini, wote wanatafuta soksi.

Saa moja kasoro dakika kumi niliingia darasani. Sikudhani alikuwa amekaa, sare imepigwa pasi, daftari la Kemia liko wazi mezani.

"Leo umewahi," nikasema.

"Leo watu walikuja bombani wenyewe," akasema, huku akipigia mstari kichwa cha habari. "Nimemuogesha bibi mpaka masikio."

Akaniangalia kichwani kwa muda.

"Mkude, kanga yangu uliyosokotea ngata, uirudishe jioni. Si yangu, ni ya bibi."

Nikapeleka mkono utosini. Nywele zilikuwa zimelala, duara kamili, na zilikuwa bado mbichi.