Kiti cha Kuogea cha Mume Wangu

Mume wangu alipopooza upande wa kushoto, alikubali mambo mengi kuliko nilivyotarajia. Alikubali kufungwa vifungo vya shati, akakubali hata kunyolewa ndevu na mwanetu, ambaye mikono yake imezoea kushika chuma cha moto. Kuogeshwa alikataa katakata.

"Siku mtakayoniogesha," alisema, "mnivalishe na sanda kabisa."

Basi akawa anajifuta kwa kitambaa kitandani, kwa mkono mmoja. Tulijaribu kumwekea kiti cha plastiki bafuni. Kikateleza kwenye povu, naye akaenda chini pamoja nacho. Hakuvunjika, lakini tangu hapo hata kitambaa alianza kukikwepa. Muuguzi anayekuja kumnyoosha viungo aliniita pembeni. "Mama, huyu anaweza kuoga mwenyewe. Anachokosa ni kiti kisichoyumba."

Mwanetu ni fundi wa kuchomelea. "Namtengenezea cha chuma leo hii hii," akasema.

"Kikae majini kila siku?" mkewe akamuuliza. "Kwanza kutu, pili baridi. Wewe ungekikalia?"

Mkwe wangu huyo ni seremala. Nyumbani kwao chuma na mbao vimebishana tangu siku ya ndoa, na mimi huwa upande wa mbao, ingawa sisemi.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na nguzo za ua wa zamani, tulizozing'oa tulipojenga ukuta. Mimi nilishaziita kuni. Mkwe wangu akachuchumaa, akaanza kuzikwangua kwa patasi. Nje zilikuwa za kijivu, zimeliwa na mchwa.

"Hizo zimekwisha," mumewe akamtania. "Labda uchemshie chai."

Mkwe wangu akaendelea kukwangua, na ile nyama ya nje ikapukutika kama unga, mpaka chini yake ukatokea wekundu. Harufu ikatufikia sote, ile ya penseli mpya inapochongwa.

"Mwerezi," akasema. "Mchwa wanapenda huu weupe wa nje. Kiini hiki chekundu hawakitaki, na maji hayakiozeshi upesi. Tena ni mti mwepesi, Mama. Utakiinua mwenyewe ukitaka kufagia."

Sikuwa nimemwambia kitu juu ya mgongo wangu.

Likabaki suala la kimo. "Nahitaji kipimo cha goti hadi chini," aliniambia, akitazama pembeni. Nikamwelewa. Kumshika baba mkwe miguu aliona haya, na huyo baba mkwe angeona haya mara mbili. Nikamwambia, niachie mimi. Mzee alipolala mchana, nikachukua uzi, nikampima kuanzia goti hadi mwisho wa mguu, nikapiga fundo, nikampelekea.

Alipofanya kazi nilikaa naye bandani. Mbao zenye vifundo aliziweka kando, kwa sababu kifundo kikidondoka huacha tundu. Alitoboa kwa keekee, akaunganisha kwa vijiti vya mti mgumu alivyovichonga mwenyewe.

"Mbona hutumii misumari?"

"Mwerezi ni laini, Mama. Msumari ukikaribia ncha ya ubao, unaupasua. Na chuma kikilowa ndani ya mti huu, kinaacha weusi kama wino."

Vanishi pia hakupaka, isije ikateleza. Alipomaliza kupiga msasa alipitisha sehemu ya ndani ya kifundo cha mkono wake juu ya kiti chote, polepole. Kiganja chake kina sugu, hakiwezi kujua kitakachomchoma mzee.

Tukakileta chumbani, tukamkalisha. Miguu yake ikaning'inia hewani.

Mume wangu alizitazama nyayo zake. "Nimekuwa mtoto kwa kinyozi," akasema.

Mkwe wangu akanigeukia. "Mama, ulipima kutoka wapi hadi wapi?"

"Goti hadi mwisho wa mguu."

"Mwisho upi?"

"Si vidole?" nikasema, na papo hapo nikaona nilichofanya. Aliyelala hunyoosha vidole kuelekea ukutani. Nilikuwa nimempimia na urefu wa unyayo.

"Mlinipima nimelala?" mume wangu akauliza. "Mlikuwa mnachonga kiti au jeneza?" Akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akajifuta uso kwa mkono wake mzima. "Mkwe, njoo hapa. Mimi si gogo. Nipime niko macho."

Mkwe wangu akapiga magoti na futi yake. Mzee akakaa wima kuliko nilivyomwona tangu augue, akaanza kuagiza. "Weka na mkono wa kushikia, hapa kulia, upande unaonisikia. Ushushe. Hapo. Nataka kuinukia."

"Si apunguze tu miguu ya kiti?" mwanangu akauliza.

"Nikipunguza napata kimo," mkewe akasema. "Na mkono wa kiti utashikwa na nini?" Akakirudisha bandani, akagonga vijiti vikatoka, akaanza upya.

Safari hii mzee alikaa mlangoni mwa banda kila jioni. Mkono wa kiti ulipowekwa, akakikalia, akaushika, akajiinua, akaanguka tena kitini. "Tena," akasema. Hatukumsaidia, maana alitukazia macho. Akajiinua tena na tena, mpaka jasho likamlowesha shati, mpaka akasimama.

Siku ya kuoga mwanangu alichanganya maji, akayajaribu kwa kiwiko, akaweka ndoo na sabuni upande wa kulia. Mzee akaingia na mkongojo wake, akakaa. "Tokeni," akasema. Bafu letu ni dogo, aliyekaa anaufikia mlango. Tukasikia komeo.

"Amejifungia!" Mwanangu akainua bega. "Nauvunja."

"Jaribu uone," mkewe akasema, akasimama mbele ya mlango.

Tukasikia mkongojo ukigonga sakafu. Nikakunja vidole. Kisha maji yakamwagika, yakamwagika tena. Harufu ya mwerezi uliolowa ikapenya chini ya mlango.

"Maji yameisha!"

"Tuingie, Baba?"

"Nimesema maji, sijasema watu. Weka mlangoni, ugeuke."

Mwanangu akaleta nusu ndoo, akaiweka, akageukia ukuta. Komeo likalia. Mimi sikugeuka. Mkono wenye povu ukatoka, ukashika ndoo, ukavuta. Ndoo ikakwama kwenye kizingiti. Mkwe wangu akapiga hatua, nikamshika nguo. Ndani, kiti hakikutikisika. Mkono ukavuta tena, ndoo ikapanda kizingiti, ikaingia, na mlango ukafungwa.