Mgeni na Nota Kumi na Sita

Jumatatu, saa mbili na robo asubuhi, mkuu wa bendi ya manispaa aligawa karatasi za wimbo mpya. Alipofika kwa mpiga klarineti wa pili, alimwonyesha kwa kalamu nota kumi na sita zenye alama ya kujumlisha juu yake.

"Hizi hazipulizwi tu," alisema. "Unazichapa. Ulimi unaubandika bapa kwenye ule mwanzi wa mdomoni, unavuta kama unanyonya, halafu unauachia ghafla. Isikike kama kizibo kinachotoka kwenye chupa."

"Nani atanifundisha?"

"Maelezo yapo hapo chini." Maelezo yalikuwa mistari miwili. "Ukizipiga vizuri mbele ya mkurugenzi, hilo suala lako la ajira limekwisha. Nimeshaongea na utumishi."

Suala lake lilikuwa na miaka tisa. Kila Januari aliandika barua ya kuomba kuajiriwa moja kwa moja, na kila Februari aliendelea kuwa kibarua. Wenzake walimwita Mgeni.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," mpiga ngoma kubwa alipenda kumtania. "Wewe dada, jembe tulikupa siku ile ile. Kiti ndicho bado tunakitafuta."

Ni kweli hakuwa na kiti. Alikalia kreti la soda lililofunikwa taulo.

Wiki ya kwanza alitoa mate na mlio wa bawaba kavu. Ulimi ulivimba, chai akawa anainywa baridi. Mama yake, aliyekuwa akichambua mchele, aliweka sinia chini.

"Mwanangu, hiyo kazi au adhabu?"

"Kazi, mama."

"Haya. Mimi nauliza tu."

Siku ya nane, pale jikoni, ulimi ulinata, ukaachia, nota ikapasuka: to! Mfuniko wa kopo la sukari ukaruka. Akapiga ya pili, friji likafunguka. Mama akalifunga kwa nyonga.

"Geukia dirishani," alisema. "Humu kuna nzi."

Nota za chini zilifungua mifuniko na milango, za juu zilifungua kufuli. Jirani alileta sanduku ambalo ufunguo wake ulipotea, likafunguliwa kwa nota moja. Kesho yake akaleta la dada yake.

"Jamani, mimi najifunza muziki!" Mgeni alisema.

"Sasa kwani nimekukataza?" jirani akajibu, na kusogeza sanduku karibu.

Kwenye mazoezi yalifunguka makabati yote ya bendi, pamoja na mkanda wa mpiga ngoma kubwa, ambaye kuanzia hapo alivaa mikanda miwili. Mkuu wa bendi alisikiliza mpaka mwisho.

"Si mbaya," alisema. "Ila nota ya tano unaichelewesha."

Ijumaa saa nne walipiga ukumbini mbele ya mkurugenzi. Zilipofika nota kumi na sita, madirisha yalifunguka kwa zamu, kisha mikoba, kisha mikanda ya saa. Watu waliinama wakaokota vitu vyao. Kwenye nota ya mwisho ukasikika mkwaruzo kutoka ng'ambo ya korido, ofisi ya utumishi. Makofi yalipokwisha, Mgeni alikwenda kuangalia.

Droo ya chini ya meza ya afisa utumishi ilikuwa wazi mpaka mwisho. Ndani kulikuwa na bahasha tisa za kaki zenye mwandiko wa Mgeni. Zote zilikuwa zimefunguka, gundi imeachia bila kuchana karatasi, kama lile kopo la sukari. Barua zilikuwa zimekunjwa vile vile alivyozikunja. Hakuna muhuri wa kupokelewa. Kwenye ya kwanza picha yake ndogo ilikuwa bado imebanwa na pini, ana miaka ishirini na minne, anatabasamu.

Afisa alifika, akachungulia.

"Ahaa. Kumbe zimo humu. Droo hii haina ufunguo tangu nihamie."

"Sasa ziliingiaje?"

"Ina upenyo hapo juu. Nilikuwa napenyeza."

"Miaka tisa, kaka?"

"Upenyo mzuri tu, hazikukunjika." Alizipekua kwa kidole. "Lakini zimepitwa na wakati hizi. Andika nyingine. Na huo ulimi usiuache, ghorofani kuna stoo tatu hazifunguki. Tutakuchukua kama kibarua."

"Mkuu wa bendi alisema ameongea na nyie."

"Aliongea, ndiyo. Tukamwambia uandike barua."

Mgeni aliandika ya kumi amesimama, karatasi ameilaza juu ya kasha la klarineti. Aliilamba bahasha kwa ulimi wake wenye kidonda, akaibana, akampa. Afisa alisukuma droo kwa goti mpaka ikajifunga, akapenyeza barua pale juu, akafunua gazeti.

Mgeni alibandika ulimi kwenye mwanzi, akavuta, akaachia. Droo ikafunguka. Afisa, macho gazetini, akaisukuma kwa goti. Mgeni akapiga tena.

Kufikia saa sita droo ilikuwa imefunguka mara arobaini, na goti lilikuwa halijachoka. Mkuu wa bendi alipita koridoni, akasimama mlangoni, akasikiliza ameinamisha kichwa.

"Umeona?" alisema. "Sasa huchelewi tena."