Kuthibitishwa kwa Bi Time

Bi Time alifika ofisini Malindi asubuhi, akavua viatu mlangoni, akasema simu imetoa pole kwa kifo chake.

Salhiya, aliyeajiriwa na jumuiya ya wakulima wa mwani kutunza ghala lao la taarifa, alimwamkia shikamoo kwanza, kisha akamsogezea kiti.

"Marahaba, mwanangu. Nilipiga kuuliza mbegu. Ile akili mnemba yenu ikanijibu, 'Mwenye namba hii amefariki. Tunaipa pole familia.' Nikakata. Sikujua nijibu nini."

Ghala lile lilianzishwa kwa sababu. Hapo mwanzo mashine ilijiokotea majibu popote duniani, na siku moja ikawaambia wanawake wa Bwejuu washuke pwani wakati wa maji mafu. Walisimama na vigingi mikononi wakiitazama bahari isiyokupwa. Jumuiya ikaamua kuwa mashine isijibu ila kwa yaliyomo ghalani, na ghalani lisiingie neno bila ya mashahidi wawili. Salhiya aliipenda kanuni hiyo kama wengine wanavyopenda udi.

Akafungua kompyuta. Kifo cha Bi Time kilikuwamo, kimethibitishwa. Shahidi wa kwanza Usi, wa Chukwani. Wa pili nduguye, Silima.

"Usi ni nani kwako, Bi Time?"

"Alikuwa mume wangu. Nilikwenda kwa kadhi nikaomba khului, nivunjiwe ndoa, nikapewa."

Salhiya akampigia Usi, sauti ikasikika chumba kizima. Usi hakukana. Aliulizwa habari za Bi Time na ofisa wa jumuiya aliyepita kuhakiki majina.

"Nilimwambia kwangu mimi keshakufa."

"Na Silima?"

"Silima hunifuata kwa kila neno."

Bi Time aliitazama simu mpaka ilipokatwa.

Meneja wao, Haitham, aliona jambo limekwisha: kifo kifutwe. Salhiya akakataa. Lililothibitishwa na wawili halifutwi ila na wawili walioona kwa macho yao, na mtu hawezi kujishuhudia mwenyewe.

"Lakini huyo hapo, amekaa."

"Basi wewe ni mmoja," Salhiya akamwambia. "Mimi mtunza ghala sihesabiki. Wa pili awe yule aliyemuua."

Usi alifika baada ya adhuhuri, kanzu imepigwa pasi. Alikaa akiwapa ubavu, macho dirishani.

"Unamwona Bi Time?" Salhiya akauliza.

"Nnamsikia akipumua."

"Kusikia hakutoshi, mzee wangu."

Ikabidi ageuke. Hawakuwa wametazamana tangu siku ile ya kadhi. Alimtazama kwa muda, mpaka Haitham akaona haya, akajifanya kutafuta kalamu. Bi Time hakuinamisha uso.

"Yu hai," Usi akasema. Kisha, kwa sauti ya chini, "Kakonda."

"Hilo litahitaji shahidi wa pili," akasema Salhiya, vidole vyake vikiendelea kuandika.

"Niliumwa," Bi Time akasema. "Mwaka mzima."

"Sikuambiwa."

"Nani angemwambia mtu ambaye keshanizika?"

Usi alivua kofia, akaiweka gotini, akaomba radhi. Aliomba vizuri, bila ya kumtaja Silima.

"Nimesikia," Bi Time akajibu.

Salhiya akakifuta kifo, kisha akaongeza sharti ghalani: kuanzia siku ile, ofisa asiandike kifo cha mtu mpaka aonyeshwe kaburi. Haitham alitia saini bila ya kuuliza.

Bi Time akapiga simu palepale. Mashine ikamwita kwa jina lake, ikamwambia mbegu zitagaiwa kwa bamvua lijalo, maji yatakapokupwa sana, aende mapema. Aliisikiliza mpaka mwisho, akaishukuru kama mtu, akainuka kwenda kuvaa viatu vyake. Usi alikuwa keshasimama mlangoni. Akajibana ukutani, akampisha.