Sauti ya Bosi

Jumamosi hiyo, saa tisa na nusu alasiri, Mama Pazia alikuwa ameshaifunika cherehani yake, ameshafagia vipande vya nguo sakafuni, na ameshavigeuza viti vitatu vikaitazama televisheni kama wagonjwa wanaongoja kuitwa na daktari. Kipindi kilikuwa saa kumi kamili. Binti yake alikuwa amekaa tangu saa tisa, simu mkononi, tayari kurekodi.

"Mwanangu, hicho kioo utakitoboa kwa macho. Hata hawajaanza."

"Leo ndiyo ya mwisho, mama. Wametangaza wenyewe, hawana mkanda mwingine. Bosi asipopiga simu leo, basi tena."

"Nimesikia. Haya, kunywa chai."

Chai ikapoa mezani bila kuguswa.

Mchezo wenyewe uliitwa Ngazi za Nyuma. Ulionyeshwa zamani, zaidi ya miaka thelathini iliyopita, enzi ambazo mtaa mzima ulikuwa na televisheni mbili na watu wanachungulia dirishani. Ndani yake kulikuwa na nyumba moja yenye mkwe na mama mkwe wasioelewana, na ofisi moja yenye meza, karani, na simu nyeusi. Simu ile ikilia, ofisi nzima inasimama wima, maana anayepiga ni Bosi. Bosi hakuonekana hata siku moja. Alisikika tu, na kusikika kwake kulitosha watoto kukimbilia chini ya meza.

Sauti ile ilikuwa ya mume wa Mama Pazia. Na wala hakuwa mwigizaji. Alikuwa seremala wa studio, kazi yake kupigilia kuta za mbao zinazojifanya nyumba. Siku moja mwigizaji aliyepangiwa hakutokea, mwongozaji akaingia nyuma ya ukuta akamkuta na misumari mdomoni. Akamwambia tema hiyo, shika karatasi hii, ingiza kichwa ndani ya debe, usome kwa hasira. Seremala akasoma. Walioko upande wa pili wakatetemeka kweli, si kwa kuigiza. Tangu siku hiyo akawa Bosi, na Mama Pazia, aliyekuwa akishona mapazia na nguo za mchezo huohuo, akawa mke wa Bosi.

Halafu akaugua. Wiki mbili tu, akaenda zake. Mama Pazia alikuwa na mimba ya miezi mitatu.

Kwa hiyo mtoto hakumjua baba. Alikuwa na picha zake mbili, na zote amefumba mdomo. Sasa ni mwanamke mzima, fundi simu mwenye kibanda chake, na watu humletea simu zilizozama kwenye maji na kukanyagwa na magari wakimwambia, fundi, mle ndani mna sauti ya marehemu mama yangu, nitolee. Naye huitoa. Wenyewe hulia palepale kwenye meza yake, wanamshukuru, wanaondoka. Akifunga kibanda anarudi nyumbani kimya. Siku moja tu aliwahi kusema, tena akiwa anaosha vyombo, kwamba wa kwake hata simu ya kuharibika hakumwachia.

Ndiyo maana kituo kilipotangaza kwamba kimepata vipindi tisa vya Ngazi za Nyuma, alikuja mbio na viatu mkononi. Vilikuwa zaidi ya sitini, lakini enzi zile mkanda ulikuwa adimu. Wakishauonyesha, wanarekodi mpira juu yake. Hivyo tisa vilivyopona vilirushwa kama vilivyookotwa, cha mwanzo mwisho na cha mwisho katikati. Jumamosi nane zikapita. Simu nyeusi ilikaa pale mezani, haikulia.

Mlango ukagongwa kwa kiganja, mara tatu, kama na askari.

"Hodi wenyewe! Mmeanza bila mimi?"

Alikuwa Mama Mkwe. Jina lake la kuzaliwa watu wameshalisahau. Ndiye aliyeigiza yule mama mkwe mwenye roho ya korosho, na mpaka leo sokoni wapo wanaomwuzia nyanya huku wamemkunjia uso. Nyumbani kwake kumbe ana wakwe watatu na wote wanamdekeza.

"Shikamoo, mama mkubwa," binti akasema bila kuondoa jicho kwenye kioo.

"Marahaba. Sogea huko, nyota wa mchezo anataka kiti chenye mto."

Muziki ukaanza. Picha ilikuwa na mvua ya vidoti, rangi zimepauka, lakini watu walikuwa walewale. Mama Mkwe akaingia kwenye kioo akiwa kijana, kajitanda, mkono kiunoni, anamsuta mkwe wake kwa sababu ya sufuria.

"Ee! Itazameni shingo hiyo," akasema Mama Mkwe wa kitini. "Jamani, shingo hiyo ilikwenda wapi?"

"Ipo," Mama Pazia akamjibu. "Imejifunika kidevu. Kidevu cha pili."

"Wewe una kinyongo kwa sababu hukupewa hata neno moja la kusema."

"Nguo uliyovaa nimeshona mimi. Bila mimi ungesuta watu uchi."

Wakacheka mpaka wakapigana vikofi. Binti akawanyamazisha kwa mkono. Wakawa wanasema chinichini kila uso ulipotokea: huyu karani tumeshamzika; huyu mlinzi yupo, macho tu yamekwisha; huyu binti aliolewa mbali, akaacha kuandika. Ilikuwa kama kupitia kitabu cha mahudhurio, unaita jina na kujijibu mwenyewe.

Ndipo ofisi ikaonekana. Karani anapiga miayo. Simu nyeusi ikalia.

Binti akashika mkono wa mama yake.

"Nani huyo anapiga miayo saa za kazi?" ikasema sauti kutoka kwenye simu. Nzito, ya taratibu, inasukumwa kutoka tumboni. "Nimeuliza. Au masikio nayo umeyapeleka likizo?"

Mama Pazia akahisi baridi ikimpanda mgongoni mpaka kwenye mizizi ya nywele. Ni yeye. Miaka yote hii, na ni yeye, pale chumbani. Machozi yakamjaa, chumba kikawa ukungu. Akayapangusa kwa upindo wa kanga ili asipitwe na kitu, akatazama tena kioo, na nyuma ya karani, dirishani, akayaona mapazia.

Yalikuwa ya maua makubwa, yamekunjwa pindo mara mbili. Aliyajua kama anavyovijua vidole vyake. Yale mapazia aliyashona tumbo likiwa limefika mbele ya cherehani, mikono haifiki sindanoni vizuri, mpaka ikabidi akae upande. Mimba ilikuwa ya miezi minane. Mume wake alikuwa kaburini miezi mitano.

Sauti ikaendelea kumgombeza karani. Mama Pazia akaisikiliza hadi mwisho, mkono wa mwanawe ukiwa juu ya wake, moto.

Kipindi kikaisha. Majina yakapita, yameandikwa kwa brashi juu ya ubao mweusi kama ilivyokuwa desturi ya kituo, na pale chini kabisa: Sauti ya Bosi, na jina la mumewe.

"Mmeona? Mmeona jina?" Binti alikuwa amesimama, anacheka na kulia kwa pamoja. "Nimeirekodi yote. Mama, kumbe ana sauti nzuri hivyo! Kumbe mkali!" Akaibonyeza simu, ikaanza upya. *Nani huyo anapiga miayo saa za kazi?*

Mama Pazia akasema anakwenda kupasha chai. Mama Mkwe akamfuata jikoni, akaurudisha mlango nyuma yake.

"Usimwambie," akanong'ona.

"Wewe pia umeona."

"Nimeona nini? Nilikuwepo siku ile, mwenzangu. Dereva ndiye aliyesema. Gia." Gia alikuwa dereva wa studio, aliyekuwa akiwapeleka wafanyakazi makwao jioni. "Mwongozaji alimwambia amwige marehemu hata kukohoa, watazamaji wasijue. Alimwiga, si unajua kipaji chake."

"Na jina?"

"Mchora ubao alikataa kulifuta. Akasema yeye hafuti mtu, atakayetaka aje afute kwa mkono wake. Nani angekwenda? Likabaki hadi mchezo ulipokwisha." Mama Mkwe akaushika ukingo wa meza. "Mwache mtoto na furaha yake. Imempunguzia nini?"

Kupitia mlangoni wakasikia tena: *Au masikio nayo umeyapeleka likizo?* Na kicheko cha binti.

Mama Pazia akalitazama birika. "Hata mimi nilidhani ni yeye," akasema. "Mimi niliyelala naye kitanda kimoja. Nimesikia, mwili ukasisimka, nikasema ndiye. Sasa nikinyamaza, ile sauti itapigwa humu ndani asubuhi na jioni, niwe naitikia ndiyo, ndiyo, baba yako huyo. Mwaka ukiisha nitakuwa sijui tena wa kwangu alisema vipi. Watakuwa wamemrekodia juu na yeye, kama mpira."

Mama Mkwe akaufungua mlango mwenyewe.

Mama Pazia akarudi sebuleni, akakaa karibu na mwanawe, akaishika ile simu, akaizima. Akamweleza bila kuzungukazunguka: mapazia, tumbo, miezi mitano, dereva, ubao. Binti alimsikiliza mdomo wazi, kisha akaufunga. Akailaza simu kifudifudi juu ya mto.

"Kwa hiyo nimengoja Jumamosi tisa kumsikiliza dereva."

"Ndiyo, mwanangu."

"Na wewe ulijua kuna dereva."

"Nilijua alichukua nafasi ya baba yako. Sikujua mikanda iliyopona ni ya nani. Nikasema moyoni, huenda na yake imo. Ningekwambia mapema ungengoja na wasiwasi."

"Ningengoja hivyohivyo. Lakini ningengoja nikijua." Sauti yake haikupanda. Ingepanda, Mama Pazia angejisikia nafuu.

Nje mtu alikuwa anaburuta ngazi ya chuma juu ya saruji. Mama Mkwe akakohoa kikohozi cha kujitengenezea.

"Gia mwenyewe hajafa, mjue. Namba yake ninayo. Kila mwezi ananipigia kunisomea maradhi yake."

"Ili iweje, mama mkubwa?"

"Sijui. Alimwiga mtu. Ulishaona mtu akaiga kitu ambacho hakukisikiliza?"

Binti akamtazama mama yake. Mama Pazia akaitikia kwa kichwa. Binti akapiga kwa simu yake, ikawekwa mezani na spika ikafunguliwa.

Aliyepokea alikuwa na sauti ya mzee aliyetoka usingizini, nyembamba, imechanika pembeni. Binti akamwamkia, akajitambulisha. Upande wa pili kitanda kikalia, kama mtu anayeinuka kukaa.

"Mtoto wa Seremala," mzee akasema. "Yule wa tumboni."

"Ndiye mimi, baba mdogo. Tumekusikia leo kwenye televisheni. Nilidhani... Basi, nilitaka kukuomba. Kama bado unaweza. Useme kama yeye, neno moja tu."

"Unamtaka Bosi, au unamtaka baba yako?"

"Si wote mmoja?"

Mzee Gia akacheka hadi akapaliwa. "Nani kakwambia? Bosi ilikuwa sauti ya kukamua. Akitoka mle ndani ya debe koo linamwuma, anaomba maji. Baba yako hakuongea vile hata ukimkanyaga kidole. Shemeji hajakueleza?"

Mama Pazia akainamisha uso. Jumamosi tisa na yeye pia alikuwa anamngoja Bosi. Alimngoja mtu aliyepiga kelele ndani ya debe, akamsahau aliyerudi nyumbani.

"Namtaka baba," binti akasema.

"Haya. Nilikuwa namshusha kwenu kila jioni, anakaa kiti cha mbele, hanyamazi. Ngoja." Mzee akavuta pumzi. Kilichofuata hakikuwa kizito hata kidogo. Kilikuwa chepesi, cha harakaharaka, kila neno linapanda mwishoni kana kwamba msemaji anakaribia kucheka.

"Gia, Gia, hebu nisimamishie hapo, ndugu yangu. Ninunue malimau. Nyumbani kuna mtu mdogo anayataka. Mama yake tarishi tu, analeta ujumbe."

Mama Mkwe alikuwa ameziba mdomo kwa viganja viwili.

"Mtu mdogo ni nani?" binti akauliza polepole, ingawa alikwisha kujua.

"Wewe ulidhani nani? Alikutaja njia nzima. Mimi nilikuwa nimekuchoka kabla hujazaliwa."

Binti akacheka. Mama Mkwe akamgusa bega. "Umerekodi?"

"Sijarekodi. Nimesahau." Akawa anaitafuta simu nyingine kwenye mkoba wake wa kazi, vitu vinamwagika miguuni. "Baba mdogo, tafadhali, sema tena."

Mzee akasema tena, vilevile, na Mama Pazia akaisogelea meza hadi magoti yakagusa ukingo.

"Shemeji," akasema, "hapo kwenye ndugu yangu umeparamia. Yeye alikuwa anaivuta."

"Eti?"

"Anaivuta. Hivi." Na Mama Pazia akaisema, kwa mdomo wake mwenyewe, macho amefumba: "'Nduuugu yangu.' Halafu anapumzika kidogo, kama anangoja umwulize kuna nini. Ndipo anaomba."

"Kweli kabisa!" mzee akashangaa. "Anapumzika! Ndivyo alivyonisimamisha mpaka kwa muuza kuni. Na malimau je, nayo aliyasemaje?"

"Malimau hakuyavuta. Hayo aliyameza."

Binti alikuwa ameshaipata ile simu nyingine. Aliisimamisha katikati ya meza, akaielekeza nusu kwa mzee na nusu kwa mama yake.

"Semeni tena," akasema. "Wote wawili. Anzieni pale anapovuta."