Tamko Alilolisoma Nthiwa

Tangu astaafu ualimu, Kathini hakuwa na shughuli ila kuku wake na kwaya ya kanisa pale Matiliku, na ndipo jambo la zamani likapata nafasi ya kumkosesha usingizi. Jumanne moja alivaa gauni lake la Jumapili akaenda Migwani kumtafuta Nthiwa.

Walisoma pamoja chuo kikuu miaka arubaini iliyopita, enzi ambazo hata kukohoa vibaya kungeweza kukuponza. Mhadhiri wao wa historia alipokamatwa, wanafunzi waligoma. Kathini ndiye aliyeandika tamko la kudai aachiliwe. Lakini siku ya mkutano hakuthubutu kulisoma, na Nthiwa akaichukua karatasi mkononi mwake, akapanda juu ya meza bwaloni, akaisoma. Jioni hiyo polisi walimchukua. Wiki tatu walimuuliza nani aliyeandika, naye akashikilia kwamba ni yeye. Akafukuzwa chuo. Kathini alihitimu, akaajiriwa, akaolewa, wala hakumwandikia hata barua moja.

Alimkuta uani akipepeta ndengu, mvi kichwa kizima. Nthiwa aliinua kichwa.

"Kathini," alisema. "Muthoki, leta kiti. Na chai."

Binti yake alileta vyote viwili, na Kathini akajitambulisha kuwa mwalimu mstaafu aliyesoma na Nthiwa. "Mlisoma na baba? Basi ni kweli alifika chuo kikuu! Watu hapa husema alifukuzwa kwa kurusha mawe."

Nthiwa aliinamia ungo wake. Kathini akaweka kikombe chini.

"Baba yako hakurusha hata kokoto, mwanangu. Alisoma karatasi niliyoiandika mimi, kisha akakataa kunitaja. Mimi nikanyamaza."

Muthoki alimgeukia babake. "Mbona hukutuambia?"

"Ningewaambia nusu, mngeuliza nusu ya pili. Na hiyo haikuwa yangu kuisema."

Hapo Kathini alilia, akajifuta kwa ncha ya leso. "Nimekuja kuomba msamaha, Nthiwa. Nimechelewa."

"Umechelewa kweli. Nilikukasirikia miaka mingi, sitakudanganya. Halafu nikasikia unafundisha historia huko Makueni. Nikasema, basi, mmoja wetu amefika." Alisogeza ungo kando. "Tena yale maneno yalikuwa mazuri. Nilijisikia mtu mkubwa nikiyasoma."

Muthoki alikuwa ameshatoa simu. Alimpigia kakake, Mbaluka, aliyekuwa kazini Malili, akaweka sauti ya juu. "Mwalimu, tafadhali, mwambie na yeye. Huyu ndiye aliyepigana shuleni kwa sababu ya hayo mawe."

Kathini akaanza upya tangu mwanzo, bila kujiachia pa kujificha. Aliposema kwamba mkutano ulikuwa Ijumaa, Nthiwa alitikisa kichwa.

"Alhamisi," alisema. "Ijumaa nilikuwa ndani."

"Alhamisi," Kathini akakubali, akaendelea.