Ruhusa ya Kupiga Golini

Tangu enzi za babu zao, mpira wa kijiji cha Misigiri ulikuwa wa kubutua, na hakuna aliyeona aibu. Kipa anabutua, beki anabutua, mpira unapaa, halafu upepo wa Singida unauchukua na kuutupa unakotaka wenyewe, mara nyingi kwenye shamba la alizeti la mtu, na wanaume wazima wanasimama mikono kiunoni wakisubiri uletwe. Aliyeukomesha upuuzi huo ni Naftali. Alikuwa mkulima na kocha wa timu ya kijiji, mkaidi, mwenye sauti ndogo, na kila wikendi alikuwa akikaa mstari wa mbele kwenye kibanda umiza pale senta, akitazama timu za Ulaya kwenye televisheni na hataki kusemeshwa. Akatoka humo na imani moja: katika nchi ya upepo, mpira ukae chini, na ukae kwetu.

"Watatufunga na nini," alikuwa akiwauliza vijana wake, "kama mpira tunao sisi?"

Akaweka sheria mazoezini: hakuna kupiga golini kabla ya pasi ishirini. Watu waliokuwa wakipita kutoka dukani wakaanza kusimama na kuhesabu kwa mzaha. Mzaha ukawa desturi. Ulipofika msimu wa pili, uwanja mzima ulikuwa unahesabu kwa Kinyiramba, wazee kwa watoto, na ikifika ishirini akina mama wanapiga vigelegele hata kama mpira bado uko miguuni kwa mabeki. Goli likawa kitu cha ziada tu. Likija, vema, lisipokuja, watu wanarudi nyumbani wameshiba pasi.

Aliyeumia na sheria hiyo kuliko wote ni Calist, ingawa hakuwahi kusema. Calist alikuwa mtoto wa marehemu mdogo wake Naftali. Baba yake alipofariki, mama yake, Felista, alimshika mkono akampeleka kwa shemeji yake na kumwambia kwamba kuanzia siku ile huyu ni wake, amwelekeze. Na Naftali akamwelekeza kweli. Kijana alikuwa amezaliwa na mguu wa kufunga. Wenzake wakiwa bado wanatazama nani wa kumpa, yeye ameshapiga na kipa ameshaokota mpira wavuni. Naftali aliuona mguu ule akauogopa, kama mtu anayeogopa mbwa mkali wa kwake mwenyewe. Akamfundisha kurudi katikati, kumvuta beki amfuate, kuacha uwazi nyuma yake ili mawinga waingie. Akamfundisha kwamba mwenzako akiwa na nafasi nzuri kuliko yako, ya kwako si nafasi. Calist akayashika yote. Tangu azaliwe hakuwahi kumjibu baba yake mkubwa, wala kuingia kwake bila shikamoo. Sasa alikuwa na miaka ishirini na mbili, na umri wa mchezaji haumsubiri mtu.

Mwaka huu Misigiri ikafika fainali ya Kombe la Alizeti, dhidi ya Mungaa, mchezo uchezwe mjini Singida, uwanja wa Utemini. Asubuhi ya siku hiyo, Naftali alipigiwa simu na Ramadhan, mfanyabiashara wa mafuta ya kupikia pale Utemini, mtu mwenye maneno mengi na moyo mzuri, ambaye ndiye aliyewanunulia jezi. Ramadhan alimweleza kwamba atakuja na mgeni aitwaye Godfrey, anayetafuta wachezaji kwa niaba ya timu moja ya ligi kubwa. Mgeni alikuwa ameshasikia habari za Calist. Alitaka straika mmoja tu, na kesho yake anaondoka.

"Kocha, leo mwachie kijana," Ramadhan alimwambia. "Mwambie akiliona goli apige. Basi, usimwambie kingine."

Naftali aliitikia. Alisema atamwambia. Na hapa ndipo mtu anatamani amshike bega amtikise, maana njia nzima kutoka Misigiri mpaka mjini walikaa kiti kimoja ndani ya gari, goti kwa goti, na Naftali hakutamka neno. Alijiambia kwamba kijana akijua atalewa sifa na kuvuruga mchezo. Hiyo ilikuwa sababu ya kujidanganyia. Sababu yenyewe ilikuwa chini zaidi, na aliijua: alitaka mgeni aione timu. Alitaka mtu wa mjini akae pale jukwaani, aone pasi zinavyotembea kutoka kwa kipa mpaka winga, halafu aulize, nani amewafundisha hawa?

Mungaa walikuja na akili zao. Walijua hawawezi kuwanyang'anya Misigiri mpira, kwa hiyo wakarudi wote nyuma, wakajazana mbele ya goli lao kama ng'ombe waliosikia fisi nje ya zizi. Misigiri wakapiga pasi. Kulia, katikati, kushoto, wanarudi kwa kipa, wanaanza upya. Mashabiki waliokuja na mafuso wakahesabu mpaka wakakaukiwa koo. Kipindi cha kwanza Calist alipata upenyo mara mbili, na mara zote mbili alimtafuta mwenzake. Naftali alifurahi. Alimwona mgeni jukwaani ameinama mbele, viwiko magotini, akadhani ni utamu wa pasi.

Kipindi cha pili, jua likiwa limeanza kulegea, Calist akarudi katikati kama alivyofundishwa. Beki mkubwa wa Mungaa akamfuata. Calist akaachia mpira kwa kiungo, akageuka, akaukimbilia uwazi aliouacha beki, na mpira ukamkuta mguuni. Mbele yake kulikuwa na kipa peke yake. Hata watu waliokuwa wakihesabu walinyamaza, maana kuna mambo ambayo hata mjinga wa mpira anayajua. Calist akanyanyua uso. Kushoto kwake, Noel, winga, alikuwa anakuja kwa kasi bila mtu. Calist akatoa pasi. Kipa akabaki amelala upande usio na mpira, na Noel akausukumia mpira kwenye goli tupu.

Lilikuwa goli safi, na Naftali alikuwa sahihi. Nafasi ya Noel ilikuwa nzuri kuliko ya Calist. Hesabu ilikuwa imepita ishirini. Vigelegele vikapigwa mpaka vumbi likainuka, mchezo ukaisha kwa bao hilo moja, na watu wakambeba Naftali mabegani. Akiwa huko juu alimwona mgeni anashuka jukwaani, anaelekea getini. Akaomba wamshushe, akamkimbilia.

Godfrey alimsalimu kwa heshima na kumpa hongera. Alisema timu inacheza vizuri sana, mambo kama yale hakuyategemea. Naftali akasubiri. Mgeni hakuuliza nani amewafundisha. Naftali ikambidi aulize mwenyewe, vipi kuhusu Calist.

"Kijana mzuri," Godfrey alisema. "Lakini mara tatu ameliona goli, na mara tatu ameomba ruhusa. Mimi huko ninakotoka, kocha, nahitaji mtu asiyeomba." Akampa mkono, akapanda gari la Ramadhan. Ramadhan hakumtazama Naftali usoni.

Naftali alisimama pale getini, na majuto yakamshika hasa. Alimfikiria Felista, ambaye angewapokea kwa furaha usiku ule bila kujua kilichopotea. Aliona miaka yote aliyokaa akiuchonga mguu ule mpaka ukawa butu. Alikuwa amechukua kitu alichokabidhiwa na kukitumia kujipamba.

Calist alimkuta hapo hapo, ameshavua viatu, uso umejaa vumbi. Naftali alianza kuzunguka na maneno, kisha akashindwa. Akamweleza kwamba yule mtu aliyeondoka alikuja kwa ajili yake, na kwamba yeye alijua tangu asubuhi na hakumwambia.

"Nilijua, baba mkubwa," Calist alisema. "Ramadhan alinipigia na mimi."

Naftali akamuuliza, kwa sauti iliyokuwa ndogo kuliko kawaida yake, basi kwa nini hakupiga.

Kijana aliinamisha kichwa, kama anayeona aibu kwa niaba ya mwingine. "Kwenye gari nilikuwa nasubiri uniambie. Nikajiambia, ukiniambia neno moja tu, nitapiga. Hukusema. Halafu pale golini nilitazama benchi kwanza. Ulikuwa umesimama, umenyoosha mkono kwa Noel."

Naftali hakukumbuka kunyoosha mkono. Lakini aliufahamu ukweli aliposikia.

Calist alisubiri kidogo, kuona kama kuna agizo lolote. Hakukuwa na agizo. Basi akampokea baba yake mkubwa begi la jezi, kwa mikono miwili, akalitia begani na kumfuata nyuma kwenda kwenye gari.